Ekzosi ya Kasi: Piga Hesabu Kabla Fundi Hajakata Bomba

Bei ya gari la mtumba kutoka Japani, ushuru wake na bei ya lita ya petroli ni mambo ambayo kila mfanyabiashara mwenye gari anayajua kwa kichwa. Hata hivyo, iko bidhaa moja katika soko la vipuri ambayo wanunuzi wengi huilipia bila kuuliza swali hata moja la kihesabu. Bidhaa hiyo ni ekzosi ya kasi, yaani bomba la moshi lililotengenezwa na kampuni nyingine, si ile iliyounda gari, na kuuzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu za injini, kupunguza ulaji wa mafuta na kubadilisha mlio.

Bidhaa hii ipo katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, na vilevile Grogan jijini Nairobi. Ziko zilizotoka Japani zikiwa zimetumika, zenye majina ya kampuni kama HKS, Fujitsubo na Tanabe. Ziko mpya zilizoigwa na kupigwa chapa za majina hayo hayo. Aidha, ziko zinazotengenezwa palepale kwa fundi wa kuchomelea, ambaye hukata sailensa ya zamani na kuweka bomba pana zaidi.

Msomaji ambaye gari lake ndilo linalobeba bidhaa dukani, au linalofanya kazi ya teksi, hana budi kulitazama suala hili kama anavyotazama ununuzi mwingine wowote wa mali ya biashara: ninatoa nini, ninapata nini, na baada ya muda gani. Upo upande mmoja wa hesabu hiyo ambao husahaulika karibu kila mara. Watu huhesabu kile kinachofungwa kwenye gari, lakini hawahesabu kile kinachofunguliwa na kuachwa gereji.

EKZOSI HUFANYA KAZI GANI

Injini ni pampu ya hewa. Huvuta hewa, huichanganya na petroli, huuchoma mchanganyiko huo na kuutoa ukiwa moshi wenye joto kali. Moshi huo hupita kwanza katika manifoldi, yaani mabomba mafupi yaliyofungwa kwenye injini yenyewe. Kisha hupita katika kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi wetu hukiita sega kwa kuwa ndani yake mna vitundu vingi mithili ya sega la nyuki. Baada ya hapo moshi huingia katika sailensa inayopunguza kelele, na mwisho hutokea nyuma ya gari.

Kila kizuizi katika njia hiyo huifanya injini itumie sehemu ndogo ya nguvu zake kuusukuma moshi nje. Hoja ya wauzaji wa ekzosi ya kasi inaanzia hapa, na kwa kiasi chake ni ya kweli: bomba pana na sailensa iliyo wazi zaidi hupunguza kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba moshi hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, pigo moja kila vali ya silinda inapofunguka. Pigo linalokwenda kwa kasi huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kuutoa moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, mwendo wa moshi hupungua na mvuto huo hudhoofika. Matokeo yake gari hupoteza nguvu ya kuvuta katika mizunguko midogo ya injini, yaani wakati wa kuondoka kwenye taa, kupanda mlima na kubeba mzigo. Kwa hiyo usemi kwamba "bomba kubwa ndiyo nguvu kubwa" si sahihi. Wapo pia wanaosema kwamba injini inahitaji kizuizi ili ifanye kazi vizuri, na hao nao wamekosea. Injini haihitaji kizuizi, inahitaji kipenyo kinacholingana na wingi wa moshi wake.

NGUVU: NANI HUPATA, NANI HAPATI

Tuchukue Toyota IST ya toleo la kwanza, gari linaloonekana kila mtaa wa Dar es Salaam. Yenye injini ya lita 1.5 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 109, tena zinapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwa injini ndogo ya aina hii isiyo na turbo, kubadilisha sehemu ya nyuma ya ekzosi, kuanzia baada ya sega, huleta ongezeko dogo sana. Tukiwa wakarimu tuseme ni asilimia 3, yaani farasi watatu.

Farasi hao watatu nao hupatikana pale juu, karibu na mizunguko 6,000. Dereva anayetoka Mbagala kwenda Posta asubuhi, kwenye foleni na kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, ni nadra kufika huko. Atakuwa amenunua nguvu ambazo hana nafasi ya kuzitumia.

Kipo kipimo kingine kinachosaidia kuuona udogo wa ongezeko hilo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua uzito. IST hiyo hiyo ikisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, itapoteza kiasi cha farasi 18 njiani. Dereva huendelea na safari yake na wala halalamiki. Asiyehisi kupungua kwa farasi 18 ni vigumu ahisi kuongezeka kwa watatu. Anachokihisi mara nyingi ni mlio, na sikio huuambia mguu kwamba gari limeongeza kasi.

Kwa magari yenye turbo hali ni tofauti. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Kizuizi kikipungua baada ya feni hiyo, huzunguka kwa wepesi zaidi na injini hupata hewa mapema. Subaru Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyouzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 250, ni mfano wa gari ambalo ekzosi inaweza kulisaidia kwa kiasi kinachopimika. Ongezeko la asilimia 10 si jambo la ajabu, kwa sharti kwamba bomba linalotoka moja kwa moja kwenye turbo limebadilishwa na kompyuta ya injini imerekebishwa ili ilingane na mabadiliko hayo.

Sharti hilo si dogo. Turbo ikiachiwa nafasi bila kompyuta kurekebishwa, shinikizo la hewa linaweza kupanda kupita kipimo, mchanganyiko ukapungua petroli na pistoni zikaungua. Mwenye Subaru anayenunua ekzosi bila kutenga fedha za marekebisho ya kompyuta anakuwa amenunua nusu ya bidhaa, na nusu iliyobaki huenda akailipia kwa bei ya injini nzima.

MAFUTA: HESABU YA MIEZI 300

Wauzaji wengi husema pia kwamba ekzosi ya kasi hupunguza ulaji wa mafuta. Tuikubali hoja hiyo kwa muda na tuifanyie hesabu.

Tuseme ekzosi pamoja na ufundi inagharimu Sh 1,200,000. Tuseme mwenye gari hutumia Sh 200,000 za petroli kwa mwezi, na ekzosi inampunguzia asilimia 2. Akiba yake itakuwa Sh 4,000 kwa mwezi. Ili arudishe Sh 1,200,000 atahitaji miezi 300, ambayo ni miaka 25. Dereva wa teksi anayetumia Sh 600,000 kwa mwezi ataokoa Sh 12,000, naye atahitaji miezi 100, yaani zaidi ya miaka minane. Gari la mtumba lililokwisha kufanya kazi Japani kabla ya kuja kwetu halina uhakika wa kuwa barabarani muda wote huo, na ekzosi ya chuma cha kawaida kando ya bahari haidumu hivyo.

Sasa tuzitazame fedha hizo hizo zikiwa kazini. Mwenye duka ambaye kila shilingi ya mtaji wake humwachia faida ya asilimia 5 kwa mwezi baada ya gharama, angepata Sh 60,000 kila mwezi kutokana na Sh 1,200,000 hizo. Asiye na duka, akiziweka mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka na kuiacha faida izae faida, baada ya miaka mitatu atakuwa na Sh 1,597,200. Tofauti kati ya takwimu hizi na Sh 4,000 za petroli ndiyo gharama halisi ya ekzosi, nayo haionekani kwenye risiti ya muuza vipuri.

Ikumbukwe pia kwamba ulaji wa mafuta unaweza kuongezeka badala ya kupungua. Kabla ya sega kuna sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta kama petroli ni nyingi au ni kidogo. Fundi akichomelea vibaya na kuacha tundu karibu na sensa hiyo, hewa ya nje huvutwa ndani ya bomba. Sensa hudhani injini ina hewa nyingi kuliko petroli, nayo kompyuta huongeza petroli. Mwenye gari huenda kwa fundi mwingine kulalamika kuhusu plagi, wakati tatizo ni tundu dogo kwenye bomba.

SEGA: MALI INAYOACHWA GEREJI

Katika kazi nyingi za ekzosi ya kasi zinazofanywa mitaani, fundi hapunguzi sailensa peke yake. Hulikata na sega, kwa maelezo kwamba "linabana gari". Mteja hulipia kazi, hupewa gari lenye mlio mkubwa na kuondoka. Sega hubaki kwenye pembe ya gereji.

Ndani ya sega hilo, juu ya kuta nyembamba za vitundu vyake, yamepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Ni gramu chache tu kwa gari dogo, lakini ni madini yanayouzwa kwa wakia katika masoko ya dunia kama dhahabu. Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa wa platini na rodi, na Urusi ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa paladi. Watu wanaopita magereji wakinunua masega yaliyotumika wanayafuata madini hayo.

Bei zake zimepanda na kushuka kuliko bidhaa nyingi ambazo wafanyabiashara wetu wamezizoea. Mwaka 2016 wakia moja ya rodi, ambayo kwa kipimo cha masonara ni gramu 31.1, iliuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Machi 2021 ilikaribia dola 30,000. Katikati ya mwaka 2023 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 5,000. Paladi nayo ilipita dola 3,000 Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuwa karibu na dola 1,000.

Tuone maana ya takwimu hizo kwa sega moja. Tuseme lina rodi gramu 0.3 tu. Kwa bei ya dola 29,000 kwa wakia, rodi hiyo peke yake ina thamani ya dola 280 hivi. Kwa bei ya dola 4,500 ni dola 43. Mwenye gari hapati thamani yote, kwa kuwa madini hayo hutolewa viwandani nchi za nje na kila mkono wa kati huchukua chake. Lakini hata sehemu yake ni fedha, na kuna nyakati ambapo sega liliweza kuwa na thamani kubwa kuliko bomba lililochukua nafasi yake. Mteja aliyeliacha bila kuuliza alilipia kazi mara mbili: mara ya kwanza kwa shilingi, mara ya pili kwa madini.

Ushauri hapa ni mwepesi. Kila kipuri kinachotolewa kwenye gari ni mali ya mwenye gari mpaka yeye mwenyewe aamue vinginevyo. Kidaiwe mkononi kabla ya kulipa, na kipelekwe nyumbani.

JE, NI KWELI LINABANA?

Hoja kwamba sega "linabana gari" ina asili yake. Kabla ya mwaka 2006 petroli yenye risasi iliuzwa katika nchi nyingi za Afrika, na risasi hiyo huua sega: hufunika madini yake na kuziba vitundu. Gari lililokuja likiwa na sega liliharibika mapema, na fundi aliyelikata alikuwa na sababu. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Sababu imeondoka, lakini mazoea yamebaki.

Sega zima katika gari dogo huchukua nguvu kidogo sana. Sega lililoziba ni jambo jingine: gari huwa zito, halipandi mlima na hupata joto. Tofauti hiyo haipaswi kubahatishwa. Fundi mwenye vifaa huifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya sega na kufunga geji ya kupima mgandamizo mahali pake. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika na geji ikaonyesha zaidi ya pauni 3 kwa inchi ya mraba, kuna kizuizi. Ikionyesha chini ya hapo, sega halina kosa na uchovu wa gari utafutwe kwingine.

Tena sega haliyeyuki wala kuziba lenyewe bila sababu. Mara nyingi plagi au koili mbovu huacha petroli isiyochomwa iingie kwenye bomba, ikaungulie ndani ya sega na kuliyeyusha. Anayekata sega bila kutengeneza koili ameuondoa ushahidi, si ugonjwa.

Isisahaulike pia kwamba kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya afya. Sega hubadilisha gesi ya monoksidi ya kaboni, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zisizo na madhara ya moja kwa moja kwa mapafu. Magari yakiondolewa masega kwa maelfu, wa kwanza kuvuta moshi huo ni wachuuzi wa kando ya barabara, abiria wa vituoni na wenye maduka yanayotazama foleni.

GHARAMA NYINGINE ZISIZOANDIKWA

Ya kwanza ni taa ya injini kwenye dashibodi. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana sensa ya pili baada ya sega. Sega likiondolewa taa huwaka na kubaki imewaka, na siku injini itakapopata hitilafu ya kweli dereva hatakuwa na onyo.

Ya pili ni kelele. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kila ongezeko la desibeli 10 ni nishati ya sauti mara kumi, ambayo sikio huisikia kama mara mbili hivi. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2009, na Tanzania ilitunga za kwake mwaka 2015. Kusimamishwa na askari wa usalama barabarani kila wiki ni gharama ya muda hata pale ambapo hakuna faini.

Ya tatu ni bima. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: mwenye gari anatakiwa kueleza kila jambo linaloweza kumfanya mwenye bima afikirie upya hatari anayoibeba. Gari lililoongezwa nguvu bila taarifa huipa kampuni ya bima sababu ya kubishana siku ya ajali. Barua fupi ya kuitaarifu kabla ya kazi kuanza ni rahisi kuliko mabishano hayo.

Ya nne ni bei ya kuuzia. Mnunuzi wa gari la mtumba hupenda kusikia kwamba gari "halijachezewa". Akisikia mlio mkubwa hudhani kwamba injini imeendeshwa kwa fujo, naye hushusha bei. Ndiyo maana ekzosi ya awali, ikiwa na sega na sailensa yake, inapaswa kutunzwa ili irudishwe siku ya kuuza. Ekzosi ya kasi huuzwa kando, kwa mtu anayeitaka.

Ya tano ni kutu na matuta. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hula chuma cha kawaida haraka. Muuzaji akisema bidhaa yake ni ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, mnunuzi aende na sumaku ndogo. Bomba la daraja hilo kwa kawaida haliishiki sumaku, au huishika kwa udhaifu sana. Daraja la 409, ambalo ni la bei nafuu na hupata kutu ya juu juu, huishika. Aidha, bomba pana hupunguza nafasi kati ya gari na barabara, na tuta la kwanza litaonyesha kama raba za kuning'inizia zilifungwa sawasawa.

Ya sita haina bei. Bomba lililochomelewa vibaya au lililoishia chini ya sakafu ya gari huweza kuingiza moshi ndani ya gari. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na huua abiria waliolala wakiwa na madirisha yaliyofungwa. Bomba lazima litokeze nje ya bampa, na viungo vyake vyote vikaguliwe injini ikiwa inafanya kazi.

WAKATI UNUNUZI UNA MAANA

Haya yote hayana maana kwamba ekzosi ya kasi haifai kununuliwa kamwe. Ziko hali tatu ambazo hesabu inabadilika.

Kwanza ni mwenye gari la turbo aliyetenga fedha za bomba, za marekebisho ya kompyuta na za kupimiwa nguvu kabla na baada ya kazi. Huyo atajua alichokinunua.

Pili ni yule ambaye ekzosi yake ya awali imeoza na lazima ibadilishwe. Kwake gharama ya uamuzi ni tofauti ya bei tu. Kama sailensa na bomba la kawaida vingemgharimu Sh 500,000 na ya kasi ni Sh 1,200,000, anachoamua ni Sh 700,000. Tena kama bomba la kasi ni la chuma kisichoshika kutu na litadumu mara mbili ya lile la kawaida, tofauti hiyo inaweza kujilipa kwa uimara peke yake, bila kuhesabu farasi hata mmoja.

Tatu ni anayependa mlio na ana fedha za starehe. Starehe si kosa. Kinachotakiwa ni kuiandika mahali pake. Fedha hizo zitoke kwenye matumizi binafsi, zisitoke kwenye sanduku la duka kwa kisingizio kwamba gari ni la biashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalochanganya starehe na mtaji huipoteza mali hiyo vilevile.

KWA ANAYETAKA KUUZA

Wapo wasomaji watakaojiuliza kama biashara ya kuagiza ekzosi hizi inafaa. Tahadhari kubwa ni mzunguko wa mtaji. Plagi au filta moja ya mafuta huweza kuingia katika magari ya aina nyingi. Ekzosi kamili huingia katika gari la aina moja, na mara nyingine la mwaka na injini fulani tu. Mfanyabiashara mwenye ekzosi 20 za magari 20 tofauti anao wateja 20 wa kusubiri, na mtaji wake umelala huku ukiliwa na kodi ya pango. Kuagiza kwa oda, mteja akiwa ameweka sehemu ya fedha, ni njia salama zaidi.

Biashara ya kununua masega nayo ina hatari yake. Aliyejaza ghala mwaka 2021 bei ikiwa juu na kungoja ipande zaidi, alijikuta mwaka 2023 ana bidhaa ile ile kwa sehemu ndogo ya thamani. Aidha, katika miaka ya 2020 hadi 2022 wizi wa masega uliongezeka sana Marekani na Uingereza. Anayenunua sega ambalo hajui limetoka gari gani na kwa mwenyewe yupi anajiweka karibu na kosa la kupokea mali ya wizi. Namba iliyogongwa kwenye ganda la sega iandikwe kwenye stakabadhi, pamoja na namba ya gari.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari ajibu maswali haya kwa maandishi. Gari langu lina turbo au halina? Ekzosi iliyopo ni mbovu, na imepimwa kwa geji au kwa maneno? Bomba jipya lina kipenyo gani, na ni cha injini yangu au cha injini nyingine? Sega linabaki au linatolewa, na likitolewa nani analichukua? Fedha hizi zingekuwa wapi kama nisingezitumia hapa? Ekzosi ya awali nitaihifadhi wapi?

Kwa gari dogo lisilo na turbo linalofanya kazi ya kila siku, majibu mengi yataelekea upande mmoja: iache ekzosi ya kiwandani mahali pake. Badilisha plagi zilizochoka na filta ya hewa, jaza upepo matairi kwa kipimo chake na hakikisha breki hazijikamati. Kazi hizo ni sehemu ndogo ya Sh 1,200,000, na kwa gari lililokuwa limesahauliwa matunzo huleta nafuu ya mafuta inayoonekana mwezi huo huo. Fedha zitakazobaki zirudi dukani.